Ushahidi wa Mjane

Siku ya kumi na tisa ya eda yake, Bi Rukia alichukuliwa na askari akapelekwa mahakamani kumtambua mtu. Redio ilikwisha kutangaza kwamba mumewe, Rais Mbaruku, ameuawa katika mapinduzi, na jeneza lililopigiliwa misumari lilikwisha kuzikwa kwa mizinga. Lakini risasi haikummaliza. Sasa alisimama kizimbani, taya limefungwa bendeji, akishtakiwa kwa kujifanya kuwa ndiye Rais marehemu.

"Mama, unamfahamu huyu?" jaji aliuliza kwa upole.

Bi Rukia aliitazama mikono iliyoshika ukingo wa kizimba. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Yeye mwenyewe ndiye aliyekibana kwa mlango wa gari, siku ya harusi yao, na wakacheka mpaka machozi. Kisha akatazama benchi la nyuma, ambako binti yao Salha aliketi katikati ya askari wawili. Mmoja alikuwa amemwekea mkono begani.

"Simfahamu," alisema. "Mume wangu nimeshamzika."

Ukumbi ulipiga makofi.  Mshtakiwa alilifungua taya lake kwa taabu.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa," Bi Rukia aliitika.

Jaji akaamuru mshtakiwa anyongwe kabla ya adhuhuri. Askari akautoa mkono begani mwa Salha na kumwambia aende. Bi Rukia alimnyooshea mikono. Msichana aliinuka, lakini hakupiga hatua. Alisimama pale pale, akimtazama mama yake.