Kibuyu cha Samli

Kabla baragumu la vita halijalia, Sukanta alishuka kwenye gari lake la farasi, akavuka uwanja hadi upande wa adui, akainama kugusa miguu ya baba mdogo aliyemlea.

"Umechelewa," mzee alifoka. "Nikadhani umesahau adabu niliyokufunza!"

Akamsukumia kibuyu cha samli mikononi. "Sina mtoto wa kiume. Nikifa leo, moto wa kunichoma uwashe wewe kwa samli hii, majivu uyapeleke mto Ganga. Apa!"

Sukanta akaapa, akarudi mbio. Samli ilimvujia vidoleni; akajifuta mapajani, wapi.

Baragumu likalia.

"Lenga yule mzee," mwendesha gari wake akamhimiza. "Bwana, unangoja nini?"

Kamba ya upinde ilimteleza mara mbili. Ng'ambo, baba mdogo alikuwa anavua deraya, vazi lake la chuma la kukinga kifua.