Kiuzi cha Bluu

Pikipiki ilianza kukohoa kwenye mlima wa Buluo, palepale ilipozimika mwaka jana, siku Casimir alipokuwa akimkimbiza mkewe hospitali naye, mama wa watu, akamfia mgongoni.

"Ni mayi tena mu esanse?" akauliza abiria wake, muuza samaki, akishuka na kapu lake.

"Bakubwa banatuuzisha mayi, mama. Banatuua." Mwaka mzima, tangu siku ile, amekuwa akiwalaani hivyo wakubwa wanaochanganya petroli na maji.

Akafungua buji, ile plagi ya kuwashia moto, akaikuta kavu. Petroli haifiki. Akafungua kikombe cha kabureta, akamimina kiganjani petroli iliyobaki humo ili ayaone hayo maji. Hakuona hata tone.

Akapuliza kile kitundu cha kupitishia petroli. Kikatoka kiuzi cha bluu, chembamba kama unywele.

Akageuka kulitazama tangi. Tangu kifuniko kipotee, miaka miwili sasa, ameliziba kwa kipande cha kitenge cha bluu cha mkewe. Alikichana mwenyewe, na mkewe alimwambia kitatoa nyuzi.

"Unaona nini, papa? Ni mayi?"

Petroli ilikuwa imeshakauka kiganjani.

"Ni mayi," Casimir akajibu, huku akikikandamiza kitambaa kwa kidole gumba mpaka kikakaa sawasawa.