Herufi Tatu za Mwisho

Mwalimu Nyamvula aliiweka kompyuta yake juu ya meza ya fundi Mbaruku. Ilikuwa ya mezani, ya kampuni yenye jina, ila umri ulikuwa umeilemea. Ndani yake mlikuwa na kamusi ya lugha ya mama yake, kazi ya miaka kumi na tisa, faili moja kwa kila herufi.

"Inataka kuongezwa RAM na kubadilishwa diski," fundi alisema baada ya kuifungua.

"Pesa yangu inatosha kimoja tu."

"Basi diski, mwalimu. Hii imechoka. Nitahamisha kila kitu kabla haijakata roho. Una nakala mahali pengine?"

"Sina."

Mbaruku akaziunganisha diski mbili, akaanza kuhamisha. Mwalimu alikaa mbele ya skrini akitazama asilimia zikipanda. Zilipofika tisini na moja, zikasimama. Diski ya zamani ikaanza kugonga kwa ndani.

"Tungoje," fundi alisema. "Nikiigusa sasa, inaweza kufa kabisa."

"Yamebaki yapi?"

"Mafaili matatu. W, Y na Z."

Mwalimu alitoa kalamu mkobani, akaomba karatasi, akaandika neno la kwanza la W na maana yake, kisha la pili. Kwenye neno la kumi na moja alisita. Akafumba macho, midomo ikicheza bila sauti.

Diski iliendelea kugonga. Fundi akamsogezea karatasi nyingine.