Nguchiro Anakuwa Mwanafamilia

Zamani wanyama walipokuwa wakiajiriana, Bi Ngiri alimwajiri Nguchiro ampikie na kumfulia. Bi Ngiri alikuwa na maneno matamu. Kila alipotaka kumwongezea kazi alisema, "Mwanangu, hapa wewe si mtumishi, wewe ni mmoja wetu." Kwa utamu huo Nguchiro akajikuta anawaogesha watoto sita, anamkuna Bwana Ngiri mgongo, na anakula ukoko akiwa amesimama.

Siku walipokuja mashemeji, akaambiwa awatoe kupe. Nguchiro akafuta mikono, akaenda kujitupa kwenye tope la baridi katikati ya familia, miguu juu.

"We Nguchiro! Chakula kiko wapi?" Bi Ngiri alifoka.

"Sijui, mama. Hata mimi namngojea mtumishi."

"Mtumishi gani tena?"

"Yeyote. Sisi wanafamilia, mwezi mzima huu, sijaona hata mmoja wetu akishika mwiko."

Mashemeji walicheka hadi wakajamba. Bi Ngiri aliona haya, lakini njaa ilimuuma zaidi.

"Basi wewe si ndugu yetu! Wewe ni mfanyakazi!"

"Ahsante sana, mama," Nguchiro alisema akiinuka. "Mfanyakazi wa kupika na kufua. Mgongo wa bwana si sufuria, wala kupe wa mashemeji si nguo. Nitakula nimekaa, na Ijumaa sipo."

Bi Ngiri akakubali, ugali ukasongwa. Tangu siku hiyo ngiri wote hujikuna wenyewe kwenye visiki.