Kibao cha Makofi

Kazi ya Tunu kwenye kituo cha televisheni ilikuwa moja tu: kunyanyua kibao kilichoandikwa MAKOFI ili watazamaji waliojaa ukumbini wapige. Siku hiyo mshiriki wa mchezo alitakiwa kuingiza kichwa kwenye sanduku la kioo lenye popo, mabawa yao yamebanwa kwa utepe wa gundi wasiruke.

Sanduku lilisubiri zamu yake miguuni pa Tunu. Aliinama akatazama. Popo mmoja alikuwa na mtoto aliyemng'ang'ania kifuani.

"Kaka Lugano, huyu ananyonyesha," alimwambia mwongozaji wa kipindi. "Tuwatoe, jamani."

"Dada Tunu, popo hao! Watu wanawaogopa, ndiyo maana wanatutazama."

"Mbona wanaotetemeka ni wao?"

Lugano alikuwa ameshageukia kamera.

Sanduku likapandishwa mezani. Mshiriki akaingiza kichwa, akapiga yowe, akakitikisa huku na huku, na popo wakabamizwa kwenye kioo. Lugano akatoa ishara. Tunu akakilaza kibao kwenye kiti chake, akakikalia.

Ukumbi ukanyamaza. Lugano akamkodolea macho. Katika ukimya ule Tunu akasikia kilio chembamba kikitoka kwenye kioo.

Kisha, nyuma kabisa, mtu mmoja akapiga makofi. Wa pili akafuata, halafu ukumbi mzima, kwa vifijo vingi kuliko siku zote.

Ndani ya sanduku, mama popo alikuwa amechomoa bawa moja kwenye utepe. Alimfunika nalo mtoto wake, na masikio yake yalishtuka kwa kila kofi.