Vumbi la Juu ya Boriti

Mkaguzi wa usalama alipanda ngazi mle kiwandani, akapitisha kidole juu ya boriti. Vumbi la plastiki, laini kama unga, likafunika ukucha wote.

"Shemeji, zima mashine. Hili likitimka, cheche moja inatosha kutulipua sote."

Msimamizi, mdogo wa mumewe, alicheka. "Shemeji nawe kwa woga." Lakini akaizima.

Mkaguzi alishusha pumzi. Kumbe msimamizi alikuwa ameona haya kwa uchafu ule. Aliuchukua mpira wa kupulizia upepo, akauelekeza juu. "Mashine imezimwa, hatari imekwisha. Acha nikupulizie, usije ukatuandika vibaya."

Boriti nzima ikafuka vumbi.

Nyuma ya msimamizi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa akingoja tangu asubuhi mashine izimwe aanze kuiunga, akashusha usoni kinyago cha kukinga cheche.