Swichi ya Pijo la Nyamhanga

“Usiitoboe!”

Mama Nyamhanga aliudaka mkono wa fundi, drili tayari inanguruma. Fundi Yassini akaizima, akamtazama. Mama wa watu macho yalikuwa yamevimba kwa kilio, lakini mkono wake ulikuwa mkono wa mtu anayekamua ng’ombe kila asubuhi. Haukuachia.

“Mama yangu, ufunguo haupo na usukani umejifunga. Nikiitoboa hii swichi, sasa hivi gari linawaka.”

“Itoe nzima. Isipate hata mkwaruzo. Ukishaitoa, weka hiyo mpya yako.”

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404, pikapu, la zamani kuliko hata fundi. Nyamhanga alilikuta kijijini Itiryo, kuku wanatagia ndani yake, akalinunua, akalifufua kifaa kwa kifaa mpaka bodaboda wa Nyamongo wakawa wanaliachia njia kwa heshima. Leo Nyamhanga hayupo, na mama yake ameapa kwamba mwanawe hatarudi nyumbani Nyanungu kwa gari jingine ila hili. Huko Nyanungu kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kaburi likishachimbwa halilali tupu. Jua nalo lilikuwa linateremka.

“Ufunguo alikuwa nao nani?” Yassini aliuliza.

“Mwenyewe. Mfukoni.”

Basi si uchukuliwe huko mfukoni? Neno lilimfika fundi kwenye ulimi, akalimeza. Yeye alikuwa Mwislamu wa Tarime mjini, babu yake alitoka Tanga, na maisha yalimfundisha kwamba mila za Wakurya huziulizi siku ya msiba. Pengine kwao maiti hapekuliwi. Kila asichokielewa kwa watu hawa Yassini alikitia kwenye kapu moja lililoitwa mila, akaendelea na kazi yake. Hata marehemu alivyokufa hakuuliza. Kwenye simu aliambiwa “ajali”, na kwa zile bodaboda za Nyamongo, aliona hiyo inatosha.

Akalala chali chini ya usukani. Swichi za Pijo lile zilifungwa kwa boliti zilizokatwa vichwa makusudi, kumkomoa mwizi. Bila kutoboa, ni kuzibembeleza kwa tindo na nyundo ndogo, unagonga, unageuza, unagonga tena, na ukikosea kidogo tu umeharibu kila kitu. Jasho likamwingia machoni. Mama Nyamhanga alisimama palepale mlangoni mwa gari, hakai, haondoki.

Mwikwabe, baba mdogo wa marehemu, akaja akiwa ameshika simu.

“Mura, kijana, vunja hiyo takataka! Watu wamesimama wanatusubiri kaburini huko.”

“Asiivunje,” Mama Nyamhanga alisema.

“Shemeji, hicho ni chuma tu!”

“Kwako ni chuma.”

Sauti ikamkatikia hapo. Mwikwabe akawapa mgongo. Mzee mzima, mabega yanamtikisika. Kule chini Yassini akaacha kugonga kidogo. Nyamhanga alikuwa mteja wake, tena rafiki, jitu la miraba minne ambalo likicheka gereji nzima inacheka, hata wale waliokuja kudai gari zao. Ya Rabi, mtu kama yule naye anakufa.

Boliti ya mwisho ikalegea. Swichi ikamdondokea kifuani, nzima.

“Tayari, mama.”

Wakati anafunga ile mpya, wanawake wawili walilitoa jeneza ndani ya nyumba ya marehemu, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakalipandisha kwenye pikapu. Wanaume walisimama pembeni wameinamisha vichwa. Yassini alishangaa, maana mwili ule wa Nyamhanga, yeye alidhani, ungewatoa jasho wanaume sita. Akajiambia kwamba uchungu humpa mtu nguvu, na kwamba pengine hiyo nayo ni mila. Akaitia kwenye kapu.

Akaingiza ufunguo mpya, akazungusha. Pijo likakohoa, likazima. Akazungusha tena. Likawaka. Kwa kawaida Yassini gari likiwaka hupiga mbinja, lakini leo mlio ule ulimuumiza, na kina mama waliposikia ngurumo waliyoizoea, kilio kikapanda uwanja mzima.

Akashuka, akaiokota ile swichi ya zamani. Ilikuwa imeganda uchafu, na kwa mazoea ya kazi akachukua kitambaa chenye petroli aisafishe kwanza.

“Usiifute!”

Mama Nyamhanga alimpokonya. Akaifunga kwenye ncha ya kanga, akashikiliwa mkono na Mwikwabe, akapanda kwenye pikapu.

“Fungua,” alimwambia shemeji yake.

Yassini aligeuza uso haraka. Hakuwa na moyo wa kumwona rafiki yake vile, na ajali za bodaboda anazijua zinavyomwacha mtu. Alisikia kifuniko kikisogezwa, akasikia Mwikwabe akilia kwa sauti sasa, bila kujificha. Mwisho akashindwa. Akatazama.

Ndani ya jeneza mlikuwa na shuka jeupe, limetandikwa vizuri, halina hata mkunjo. Hamkuwa na mtu.

Mama Nyamhanga aliilaza swichi katikati ya shuka, akaifunika polepole, akakunja pembe moja, kisha nyingine.

“Mto Mara umekataa kukutoa, mwanangu,” alisema. “Na nguo zako nilizifua zote, nikikusubiri. Hiki ndicho peke yake kilichobaki na jasho lako.”